Somo la Tabianchi na Kondoo wa Mjane

Nimefundisha kwa muda mrefu kiasi kwamba wanafunzi wangu wa mwanzo, kule Endasak nilikozaliwa, sasa ni wazazi wanaokuja kunilalamikia kuhusu watoto wao. Nimefundisha hesabu, Kiswahili, hata michezo, mwaka ule mwalimu wa michezo alipohamishwa na mimi, mama mtu mzima, nikakabidhiwa filimbi. Yote hayo niliyamudu. Ila hili la mazingira, ambalo watu hudhani ni somo jepesi la kupanda miti na kuokota karatasi uwanjani, limenivunja moyo, na sioni dalili kwamba moyo huo utaunga.

Hesabu ukimfundisha mtoto, anaondoka na kitu mkononi. Hata mwenye duka hawezi kumpunja chenji. Mazingira, kwa jinsi tunavyotakiwa kuyafundisha siku hizi, ni kumsimamisha mtoto wa darasa la tano aliyekunywa uji tu tangu asubuhi, na kumwambia kwamba dunia nzima inaharibika, kwamba barafu inayeyuka mahali asipopajua, kwamba bahari ambayo hajawahi kuiona inapanda. Kisha kengele inalia, anatoka kwenda kucheza, na sisi tunaandika kwamba mada imekamilika.

Haya yaliponipata nilikuwa katika shule moja ya huku juu Mbulu, upande wa Tlawi. Mvua ya kupandia ilikuwa imechelewa, ikaja, ikaotesha mahindi, kisha ikatuaga. Tulipofungua shule Januari mahindi yalikuwa yanafika magotini na majani yamejikunja, na maharage yaliyopandwa katikati yake yalikuwa yamekauka kabisa. Watoto walikuja darasani na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Ndipo ratiba ikanifikisha kwenye mada ya mabadiliko ya tabianchi.

Niliandaa somo vizuri, hilo najisifu. Nilipasua mfuko wa saruji, nikageuza upande safi, nikachora dunia, na kuizunguka dunia nikachora blanketi. Baridi ya huku kila mtoto anaijua, na blanketi analijua kuliko anavyomjua mkuu wa wilaya. Nikawaambia hewa inaifunika dunia isipate baridi, lakini moshi unalifanya blanketi hilo kuwa zito, na mtu aliyefunikwa blanketi juu ya blanketi hutoka jasho, hukosa raha, mwisho huugua. Wakafurahi. Mmoja akauliza ni nani aliyeongeza mablanketi. Nikasema ni watu. Akauliza ni watu gani.

Nikawaeleza viwanda, magari, ndege, nchi za mbali zilizochoma makaa ya mawe tangu kabla babu zao hawajazaliwa. Walinisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za msiba wa kijiji cha tano. Kisha wakafungua vitabu. Katika ukurasa ule viwanda vimeelezwa kwa maneno, mistari miwili. Picha ilikuwa ya tanuri la mkaa linalofuka moshi, na pembeni yake mama amejifunga kanga, ameshika koleo. Mtoto wa darasa la tano husoma picha kwanza, na mara nyingi huishia hapohapo.

Aliyekaa mbele akacheka, akageuka kutazama dawati la dirishani. Wote wakageuka. Pale alikaa binti mmoja mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, ambaye mama yake ndiye aliyekuwa mchoma mkaa pekee katika kitongoji chetu. Mama huyo alikuwa mjane. Mumewe alimwachia kishamba cha mikaratusi aliyoipanda mwenyewe, naye akawa anakata mmoja mmoja, anachoma, anauza. Wateja wake tulikuwa sisi watumishi: walimu, mganga wa zahanati, mtendaji wa kijiji. Chai yangu ya kila asubuhi ilichemka kwa mkaa wake.

Nikawaambia waache upuuzi, kwamba moshi wa mama mmoja hauwezi kugeuza hali ya hewa ya dunia. Kisha nikatoa kazi ya nyumbani kama nilivyoagizwa, kwamba kila mmoja akawaeleze wazazi wake alichojifunza. Mwanafunzi awe balozi wa mazingira, ndivyo tulivyoambiwa kwenye semina. Mabalozi wangu wakashika njia, wakaenda.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Zamani, kabla ya makanisa, mvua haikukosekana bure. Mbingu zikifunga, ilijulikana kwamba kuna mtu ameichafua nchi: damu iliyomwagwa ikafichwa, kifo kilichonyamaziwa, mimba ya msichana asiyeolewa. Nyumba iliyoleta uchafu ilitengwa. Haikuchota maji kwenye chemchemi ya wote, haikuomba kaa la moto kwa jirani, ng'ombe wake hawakupita njia ya ng'ombe wengine, mpaka itoe kondoo na nchi itakaswe. Bibi yangu alinisimulia hayo kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu jikoni. Mimi nilidhani yamekwisha. Sisi ni watu wa kanisa, tunaimba kwaya, tunabatiza watoto.

Hayakuwa yamekwisha, ila yalikuwa yanaona aibu. Hakuna mzee ambaye angesimama mbele ya mtendaji na katekista akasema nchi imechafuka, tumtafute aliyeichafua. Walikosa maneno ya heshima ya kulisemea jambo hilo. Maneno hayo nikawapelekea mimi, kupitia watoto, yakiwa yamenyooshwa na kupigwa muhuri wa sayansi.

Februari tuliomba mvua kanisani, tukasali novena ya siku tisa, tukaandamana hadi msalabani na kurudi. Jua likawaka vilevile. Kisha kikaitishwa kikao cha kitongoji, karibu na josho la ng'ombe, na mwalimu mwenzangu mmoja akaja ofisini akicheka, akaniambia somo langu limeingia kwenye ajenda. Niliacha madaftari mezani nikaenda.

Mwenyekiti wa kitongoji ni mtu mtaratibu, mzee wa kanisa, mwanawe mdogo alikuwa darasani kwangu. Alizungumza juu ya mabadiliko ya tabianchi. Alilitamka neno hilo vizuri kabisa. Akasema wataalamu wamethibitisha kwamba moshi ndio unaokausha mvua, kwamba hata watoto wadogo sasa wanalijua hilo, na kwamba katika eneo letu tanuri ni moja. Akapendekeza mama yule aache kuchoma, na ili mazingira yatulie, atoe kondoo. Mpaka atakapomtoa, asisogelee chemchemi, kwa ajili ya kulinda chanzo cha maji. Nilitazama nyuso za watu nione kama kuna atakayecheka. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanatingisha vichwa kama watu wanaosikia jambo walilolijua tangu zamani likisemwa hatimaye kwa lugha safi.

Mjane alikuwa amekaa pembeni kwenye majani, amenyoosha miguu, kitenge amejifunika mabegani.

Niliomba nafasi. Nikawasalimu wazee shikamooni, wakaitikia marahaba, na nikazungumza kuliko nilivyowahi kuzungumza mbele ya watu. Niliwaambia wamelielewa somo kinyume. Niliwaambia kila jiko la kuni pale kitongojini linafuka moshi, na kwamba malori yaliyobeba mbao za msituni yalipakiwa na wanaume niliokuwa nawaona kwa macho yangu pale kikaoni, na hakuna aliyewadai hata kuku. Niliwaambia mikaratusi ile ilikuwa ya mumewe. Niliwaambia wenye kosa kubwa wako mbali sana, wana viwanda vinavyowaka usiku na mchana, na tanuri hili moja mbele ya viwanda hivyo si kitu.

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Mwalimu, tumekuelewa. Wenye kosa kubwa ni hao wa mbali."

Nikasema ndiyo.

"Sasa hao, kondoo wao tutamdai nani?"

Mzee aliyekaa kando yake akaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na vichwa vikaitikia tena. Nimelifikiria swali la mwenyekiti tangu siku ile. Nasikia redioni kwamba wakubwa wa dunia hukutana kila mwaka kwenye miji mizuri kujadili jambo hilihili, na naona nao wanakwama palepale, kwamba nani atatoa kondoo. Tofauti ni kwamba sisi tulimaliza kabla ya saa ya chakula cha mchana, kwa sababu aliyetakiwa kutoa alikuwa karibu, mnyonge, na hana mwanaume wa kumsemea.

Watoto ni wepesi kuliko wazazi wao. Kesho yake waliokuwa wakikaa na binti yule kwenye dawati walihamia kwa wengine, wakabanana. Hawakumtukana. Wangemtukana ningejua la kufanya, kwa sababu matusi nayajua dawa yake. Walifanya kwa adabu. Akienda kwenye ndoo ya maji, walimpisha, wakasubiri anywe aondoke, kisha mmoja akamwaga maji yote na kwenda kuchota mengine, katika mwaka ambao maji yalikuwa ya shida vile. Niliwafokea. Niliwaamuru warudi kwenye dawati, wakarudi, wakakaa nusu tako, mwili wote ukiwa umeegemea nje kama watu waliokalia siafu. Baada ya hapo binti akaanza kuja na kikombe chake na chupa yake ya maji, na akaacha kwenda kwenye ndoo.

Nilimweleza mkuu wa shule. Yeye ni mgeni, alitoka mikoa ya mbali, na jambo la kutenga nyumba hakulijua wala hakutaka kulijua. Aliona watoto wamelishika somo. Akaniambia samaki mkunje angali mbichi, na akapanga wakija wageni wa wilayani darasa langu liwaonyeshe ngonjera ya mkaa. Nilitoka ofisini kwake nikaenda kusimama nyuma ya vyoo mpaka hasira ishuke. Haikushuka, nikarudi nayo darasani.

Siku moja baada ya vipindi nilikwenda kwa mjane. Tanuri lilikuwa limezimwa, udongo wake umeanza kupasuka. Alikuwa anapepeta maharage machache yaliyobaki ya mwaka uliotangulia. Akasimama, akaniamkia shikamoo mwalimu, nikaitikia, akaniletea kigoda. Hakunikaribisha maji, na katika nyumba ya huku hilo haliwezekani, kwa hiyo nikaelewa kwamba ananilinda mimi. Nikayaomba mwenyewe. Akasita, akasema ni ya bondeni, si ya chemchemi, yana tope kidogo. Kumbe alikuwa anashuka hadi kule chini kila alfajiri na binti yake kabla ya shule. Nikayanywa.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia aende wilayani, kwamba sheria iko upande wake na mimi nitamsindikiza. Aliniuliza kama sheria itamchotea maji. Kisha akaweka ungo chini.

"Mwalimu, wewe umesoma. Niambie ukweli. Moshi wangu umo?"

"Umo kidogo," nikasema. "Kidogo sana. Kama chumvi ya kidole kimoja ndani ya ziwa."

"Lakini umo."

Nikasema umo. Ningesema nini? Kitabu kinasema umo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeuandika ubaoni. Alitingisha kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali aliyokuwa ameshayakisia. Akatazama zizini, ambako kondoo wake jike alikuwa amelala. Akasema mwanawe anakaa peke yake kama mwenye ukoma, na kondoo anaye. Hapo ndipo nilipokata tamaa, nasema kweli. Wale wazee kikaoni ningeweza kubishana nao mpaka leo. Huyu alikuwa ameshaamini.

Kondoo akatolewa. Alizungushwa mipakani mwa kitongoji asubuhi, wazee wakimtangulia, kisha akachinjwa juu kidogo ya chemchemi, na yaliyofanyika pale na utumbo wake sitayaeleza, maana wanawake tulisimamishwa mbali. Mkuu wa shule alialikwa, akaja akidhani ni hafla ya mazingira. Akatoa hotuba. Wakapanda mti mahali palipomwagika damu, watoto wakapiga makofi, na katekista naye alikuwepo, amesimama nyuma, akiangalia viatu vyake.

Wiki hiyohiyo binti alinisubiri mlangoni wenzake walipotoka. Akaniuliza, "Mwalimu, sisi tumeacha. Blanketi limeshaanza kuwa jepesi?"

Nilimwambia blanketi hilo ni kubwa mno, linachukua muda. Akauliza muda gani. Nikamwambia mimi na yeye hatutauona mwisho wake. Alishukuru, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu, akachukua chupa yake ya maji akaondoka. Nimewahi kupoteza wazazi wote wawili, na bado siku ile naihesabu miongoni mwa siku zangu mbaya.

Mvua ilikuja Machi. Watu walishangilia, mwenyekiti alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini haikuja kama mvua ya mtu aliyekusamehe. Ilipiga usiku na mchana, ikalaza mahindi yaliyokuwa yamebaki, ikakokota udongo wa juu wa mashamba ya mteremkoni na kuumwaga barabarani, ikachukua kivuko cha miti ambacho watoto wa upande wa pili walikitumia kuja shule. Ule mti uliopandwa siku ya kondoo nao ulikwenda na maji. Niliposikia habari hiyo nilidhani sasa watu watafikiri upya.

Walifikiri upya. Walisema hasira ya mvua inaonyesha wazi kwamba kondoo alitolewa shingo upande. Mama yule moyoni hakuwa radhi, na nchi imelijua hilo. Basi nyumba ikabaki imetengwa, safari hii bila kikao na bila hotuba, kimyakimya, kama ilivyokuwa enzi za bibi yangu. Mimi sikwenda tena kusema. Ningesema nini ambacho hakingegeuzwa? Nilifundisha mada zilizofuata, mito, milima, alama za ramani, na kila nilipoinua macho dirishani niliona dawati la watu watatu limekaliwa na mtoto mmoja.

Mwezi wa mtihani wa nusu muhula maswali yalitoka wilayani, sikuyatunga mimi. Watoto wakafanya, shule ikafungwa, nami nikabeba karatasi nyumbani kuzisahihisha. Nilikaa nje mchana, maharage yakichemka jikoni. Mkaa siku hizi tunaletewa na bodaboda kutoka upande wa Hanang. Sijui anauchoma nani, na katika sisi watumishi wote sijasikia aliyeuliza.

Swali moja lilisema: taja chanzo kimoja cha mabadiliko ya tabianchi. Darasa zima, karibu wote, waliandika kuchoma mkaa. Viwanda waliviandika wawili au watatu tu. Nikawa naweka vema, vema, vema, mkono unaenda wenyewe, mpaka nikafika kwenye mwandiko ninaoufahamu. Mbele ya swali hilo binti alikuwa ameandika: Mama yangu. Swali lililofuata lilitaka njia moja ya kukabiliana na tatizo hilo. Aliandika: Kuhama.

Niliziacha karatasi kwenye kigoda, nikavaa viatu nikaenda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Zizi lilikuwa tupu, na kwenye shimo la tanuri majani yalikuwa yameshaota. Jirani aliyekuwa anatoka chemchemini na ndoo kichwani akaniambia wameondoka siku ileile shule ilipofungwa, wamekwenda kwa kaka wa huyo mama, upande wa Gitting, wakiwa na godoro na ng'ombe mmoja. Nilimuuliza kama walimuaga mtu. Akasema wangemuaga nani, mwalimu. Akanitakia mchana mwema, akapita njia ya mkato kupitia uani kwa mjane, njia ambayo miezi yote ile hakuna aliyeikanyaga.

Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na jibu la Mama yangu wala la Kuhama. Mkuu wa shule aliniambia hilo la kwanza nimpe nusu, kwa kuwa limekaribia. Nilimpa alama zote, za maswali yote mawili, na nikajaza ripoti yake kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote ninaouweza. Siku ya wazazi ripoti zilichukuliwa. Yake iko ofisini mpaka leo, kwenye kabati, juu ya ule mfuko wa saruji niliochora dunia.